Naombeni ushauri: nizungumzieje bakuli la watani wetu mbele yao wenyewe?

Katibu wa Tawi

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Mimi ni mwanachama wa Simba na katibu wa tawi moja la hapa Morogoro. Jumapili ijayo tawi letu na tawi la Yanga la mtaa wa pili tutakaa baraza moja, kama ilivyo desturi yetu kabla ya mechi ya watani, na safari hii kila upande umepewa nusu saa ya kuuzungumzia upande wa pili. Wenzangu wamenichagua mimi, na mada waliyonikabidhi ni moja tu: bakuli.

Kwa vijana ambao wakati ule walikuwa bado shule ya msingi, kisa chenyewe ni hiki. Mei 2017 Yanga walitwaa ubingwa wa tatu mfululizo, wakitupita kwa tofauti ya mabao tu baada ya sote kumaliza na pointi 68, na mwezi huohuo mwenyekiti wao, marehemu Yusuf Manji, akajiuzulu. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akibeba sehemu kubwa ya gharama, haikuchukua muda kabla mishahara haijaanza kuchelewa na wachezaji kuanza kuondoka, na ilipofika msimu wa 2018/19 klabu ikawa inaendeshwa kwa michango ya hadhara, yaani kutembeza bakuli, iliyohimizwa na kocha wao mwenyewe, Mwinyi Zahera. Sisi tulicheka mpaka tukapaliwa. Mwenzetu mmoja alinunua bakuli la plastiki la kijani, akatia ndani sarafu mbili za shilingi mia, na kila alipopita shabiki wa Yanga mbele ya tawi alilitikisa.

Sasa nimekaa na kalamu siku tatu na hotuba haiendi. Kila nikitaka kueleza kwa nini lile bakuli lilitembezwa, sentensi inageuka na kunitazama mimi. Desemba 2017 sisi nasi tulikubali kumpa mwekezaji hisa kwa shilingi bilioni 20, na baada ya Serikali kuweka kanuni kwamba wanachama wabaki na asilimia 51, mwekezaji akawa na nafasi ya asilimia 49. Juzi niliwauliza wajumbe tisa wa kamati ya tawi letu wanieleze asilimia zetu 51 zinatupa mamlaka gani hasa. Wawili walijaribu, saba wakaangalia simu zao. Je, nilichukue bakuli kama utani tu, au nieleze chanzo chake? Na nikieleza, nianzie wapi ili watani wasinigeuzie kibao?

Mnyama Asiyefugika

Katibu, unajitafutia kazi isiyokuwepo. Utani haukaguliwi hesabu. Hawa watu wamechukua ubingwa kuanzia 2021/22 mpaka 2024/25 bila kupumzika, na katika miaka yote hiyo sijamwona hata mmoja aliyekaa na kalamu siku tatu akiuhurumia moyo wangu. Lichukue lile bakuli la kijani, liweke mezani, kaa chini. Nusu saa itajaa kwa vicheko.

Mzee wa Twiga

Mwanangu Katibu, mimi ni Yanga tangu nikiwa nabebwa mgongoni, lakini swali lako limeulizwa kwa adabu, kwa hiyo nitakujibu kwa adabu.

Ukianzia na Manji utakuwa umeanzia katikati. Klabu yetu imekuwa na ugonjwa wa kugombea umiliki tangu zamani. Mgogoro wa mwaka 1976 ndio uliowatoa wenzetu wakaenda kuunda klabu ya Pan African, na baadaye tukaja kugawanyika tena kati ya Yanga Asili na Yanga Kampuni, watu wa meza moja ya kahawa wakawa hawasalimiani kwa sababu ya swali kwamba klabu igeuzwe kampuni au ibaki kuwa ya wanachama kama ilivyoanzishwa mwaka 1935. Wakati kijana yule Manji alipoingia kama mfadhili mwaka 2006, alikuta nyumba ambayo imechoka kugombana, akapokewa kama mvua ya kwanza ya masika. Hakuna aliyeuliza mvua hiyo itanyesha mpaka lini.

Halafu usisahau mwaka 2016, alipopendekeza akodishwe timu na nembo kwa miaka kumi. Wanachama mkutanoni tulinyoosha mikono, nami nikiwamo. Mpango ule haukutekelezwa, lakini mkono wangu niliunyoosha, na hadi leo sijapata maelezo mazuri ya kumpa mjukuu wangu zaidi ya kwamba timu ilikuwa inashinda. Kama utalisema hilo Jumapili, hakuna mtu wa upande wetu mwenye umri wangu atakayekuzomea.

Wakili wa Benchi

Shikamoo Mzee wa Twiga. Katibu, nakushauri uanzie kwenye maneno, kwa sababu nusu ya matatizo ya klabu zetu hizi mbili imejificha humo.

Mfadhili ni mtu anayetoa kwa mapenzi yake, na kwa hiyo ana haki ya kuacha kutoa siku yoyote. Hakuna mahakama itakayomlazimisha mtu aendelee kupenda. Mdhamini wa biashara ana mkataba wenye muda na kiasi, kama ule ambao kampuni ya ubashiri iliusaini mwaka 2017 na klabu zote mbili, na akiondoka kabla ya wakati analo la kujibu. Mwekezaji ananunua hisa, kwa hiyo fedha yake inakuwa mtaji wa kampuni na yeye anapata kura. Mkopeshaji anadai. Sasa jiulize, yale mamilioni yaliyokuwa yakilipa mishahara Jangwani, makao ya Yanga, yalikuwa ya aina ipi kati ya hizi nne? Kwa sehemu kubwa yalikuwa ya aina ya kwanza, na ndiyo maana yalipokoma hakukuwa na karatasi ya kushika.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao huwa unanichekesha kila mwaka. Katiba za klabu zinazungumzia Baraza la Wadhamini, yaani watu wanaoshika mali ya klabu, majengo na viwanja, kwa niaba ya wanachama. Mwanachama wa kawaida akisikia neno hilo anadhani ni watu wenye nembo zao kwenye jezi. Nimewahi kukaa katika mkutano wa tawi ambapo mjadala wa dakika arobaini kuhusu wadhamini ulikuwa ni mijadala miwili tofauti, na hakuna aliyegundua mpaka mtu mmoja alipouliza kwa nini mdhamini hana hata bango uwanjani.

Kuhusu asilimia 51, usiwaambie watu kwamba ni ushindi uliokamilika. Wingi wa hisa unakuwa na nguvu pale tu wanachama wanapojua nani anawawakilisha kwenye bodi, anachaguliwaje, na ni maamuzi gani hayawezi kupitishwa bila wao. Hayo matatu ukiyapata kwa maandishi kabla ya Jumapili, unaweza kusimama mbele ya mtani yeyote. Ukiyakosa, basi liache bakuli nyumbani.

Mkimbizi wa Baridi

Wandugu, mimi ni Simba ninayeishi Glasgow, na ninyi mnaojadili utani wa kuchekana njaa mngekuja huku mwaka 2012 mngejifunza mengi. Rangers, klabu iliyokuwa na mataji ya ligi zaidi ya 50, mwaka 2011 mwenye hisa nyingi aliziuza kwa pauni moja. Deni la benki likalipwa kwa fedha zilizopatikana kwa kuuza mapato ya tiketi za misimu ya mbele, yaani mashabiki walikuwa wameshalipia deni la mnunuzi kabla hawajanunua tiketi zenyewe. Februari 2012 klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, mamlaka ya kodi ikakataa mapendekezo ya kulipwa sehemu tu ya deni, kampuni ikafilisiwa, na timu ikaanza upya daraja la nne.

Mashabiki wa Celtic, watani wa Rangers wa mji huuhuu, walisherehekea, na sitawalaumu. Lakini wale wa makamo walikumbuka kwamba Machi 1994 klabu yao wenyewe ilibakiza saa chache tu kabla benki haijaichukua, mpaka Fergus McCann alipofika na fedha. Kisha kwa misimu minne ligi ikakosa mechi yake kubwa, ubingwa ukawa unajulikana mapema, na kuna siku uwanja wa Celtic ulifunga jukwaa la juu kwa uchache wa watu. Jirani yangu mmoja, Celtic wa kutupwa, aliniambia kwamba katika miaka ile alikuwa anakwenda uwanjani kama mtu anayekwenda kulipa bili ya maji.

Mama Jangwani

Kaka Katibu, mimi ni mmoja wa hao mliokuwa mkiwatikisia sarafu, tena huenda nilipita mbele ya tawi lenu hilohilo, kwa sababu nami ni wa Morogoro.

Nilikuwa mtunza hazina wa michango ya mtaa wetu. Nilikuwa nauza chapati asubuhi, na pembeni ya ndoo ya unga nilikuwa na daftari la mistari la kurasa 48. Waliokuwa wanatoa ni watu wa shilingi 500, 1,000, na mara chache 5,000. Fedha ikitumwa kwa simu tulikuwa tunagombana na makato, kwa sababu mtu akituma 1,000 anataka iandikwe 1,000, wakati inayoweza kutoka si hiyo. Basi tukaamua kukusanya taslimu, tukituma mara moja Jumamosi, na ujumbe wa muamala nikiunakili kwa kalamu nyekundu ili hata simu ikipotea maandishi yabaki. Timu ile mnayoicheka ilimaliza ya pili katika ligi ya timu 20.

Nikuonyeshe kitu kimoja. Kwenye ukurasa wa tatu, mstari wa 14, kuna mchango wa shilingi 2,000, na kwenye sehemu ya jina nimeandika "Mtani wa Msimbazi". Alikuwa mteja wangu wa chapati, Simba damu. Alinikatalia kabisa kuandika jina lake kwa hofu ya wenzake, akasema anatoa kwa sababu hataki kufika mwaka ambao atakosa wa kumsumbua. Siku iliyofuata akapita akanidhihaki kama kawaida yake, na chapati akachukua kwa mkopo.

Ushauri wangu: bakuli mlitaje, hatuna aibu nalo. Ila ukisema tulikuwa ombaomba, nitakuomba unionyeshe daftari la tawi lenu.

Mnyama Asiyefugika

Dada, huyo wa mstari wa 14 atafutwe na afukuzwe uanachama. Natania. Nusu.

Katibu wa Tawi

Nawashukuru wote, na wewe Mzee wa Twiga nakupa shikamoo ya pekee. Nimeichana hotuba ya kwanza. Nitaanza na mkono ulionyooshwa mwaka 2016, kwa idhini yako Mzee, kisha nitaeleza tofauti ya mfadhili na mwekezaji kama Wakili alivyoipanga, na hapo nitawageukia watu wangu mwenyewe na yale maswali matatu ya bodi. Leo asubuhi nimeshawaandikia viongozi wa wilaya kuomba nakala ya katiba inayotumika sasa. Wamesema niifuate Alhamisi. Bakuli la kijani nalo litakuwapo mezani, kwa sababu mwenye bakuli amekataa katakata kuliacha nyumbani.

Mama Jangwani, ninakuomba uje na daftari. Kwetu lipo pia, ila nimelifungua jana nikakuta limeishia ukurasa wa pili, na ukurasa wenyewe una hesabu ya soda za mkutano wa mwaka 2019.

Mama Jangwani

Nitakuja nalo, kaka. Mniwekee kiti mbali na mwenye sarafu, na ukurasa wa tatu sitauonyesha mpaka huyo mteja wangu alipe zile chapati.