MJADALA: Zahanati mpya isijengwe kama nafasi za watumishi wake hazimo kwenye bajeti

Wanajukwaa, hoja yangu ni moja. Halmashauri isiruhusiwe kuchimba msingi wa zahanati, kituo cha afya wala hospitali mpaka kibali cha ajira za watakaofanya kazi humo kiwe kimeingia kwenye bajeti ileile. Najua wapo watakaosema napinga maendeleo. Nisomeni kwanza.

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) uanze hapa Tanzania mwaka 2007, na lengo lake la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, wananchi wamesomba mawe na mchanga, wakachanga, wakapandisha maboma hadi kwenye lenta, kisha wakasubiri serikali ipaue. Mwaka 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, sehemu yake ikajenga vituo vya afya. Mwaka huohuo ukaja mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa shilingi trilioni 1.3, nao ukaleta majengo ya huduma za dharura na ya wagonjwa mahututi. Kwa hiyo fedha ya kujenga hupatikana, maana jengo hulipiwa mara moja. Mshahara wa muuguzi hulipwa kila mwezi kwa miaka zaidi ya 30, na mkopo wa mara moja hauwezi kuubeba.

Ikama ya mwaka 2014, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa na serikali, ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Anayeishi kijijini anajua anachokikuta: mara nyingi ni muuguzi mmoja na mhudumu wa afya. Muuguzi akiitwa semina, huduma inasimama. Akikesha anazalisha, asubuhi ni yeye huyohuyo wa chanjo na kliniki ya watoto. Mama akipoteza mtoto alfajiri, muuguzi huyo ndiye anayesimamishwa kazi. Mimi hilo linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa.

Mwaka 2016 ajira mpya serikalini zilisitishwa, na 2017 karibu watumishi 10,000 wakaondolewa kwa vyeti vya kughushi, wa afya wakiwemo. Ujenzi uliendelea. Leo mtaani wapo vijana waliosomea uuguzi na utabibu ambao wazazi wao waliuza mashamba kuwalipia ada, na hawana kazi. Wagonjwa wapo na wauguzi wapo, ila bajeti haijawakutanisha.

Kenya nako, kuanzia 2015 serikali kuu ilikodi vifaa vya kisasa kwa ajili ya hospitali 98. Baadhi zilipokea mashine bila mtaalamu wala umeme wa kuziendesha, zikabaki kwenye makasha, hadi Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza.

Napendekeza kila mradi uombewe kwa pamoja jengo, nyumba za watumishi na nafasi za ajira. Kimoja kikikosekana, fedha ziende kwenye kituo kilichopo.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, nakuheshimu ila hapa sikubaliani nawe. Huku kwetu masika mto ukijaa hakuna bodaboda inayovuka. Mjamzito hawezi kusubiri Utumishi, ofisi ya ajira za serikali, watoe kibali. Vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16; ule wa 2022 umeonyesha 104. Huoni kwamba vituo vimeokoa watu? Halafu hakuna mtumishi anayepangiwa mahali pasipo na jengo. Sisi tukianza boma, angalau tuna cha kumwonyesha mbunge.

Mchangiaji wa pili:
Shikamooni wakubwa. Mimi ni mkunga wa zahanati. Hiyo nyumba ya mtumishi mnaitaja kwa kupita, kwangu ndiyo ya kwanza. Wenzangu wanaripoti, wanaona chumba cha kupanga kiko mbali na usiku lazima waitwe, wanaanza kuomba uhamisho. Mkiajiri hata kumi bila nyumba, mwakani mtanikuta peke yangu tena.

Mleta mada:
Marahaba dada, na pole kwa kazi. Nimekuelewa: nyumba itangulie hata wodi.

Mkuu wa mto, takwimu hizo nazipokea kwa furaha kabisa. Lakini tangu 2017 fedha nyingi zilienda kupanua vituo vya afya vilivyokuwepo, vikaongezewa vyumba vya upasuaji, maabara na wodi za wazazi. Hicho ndicho ninachokililia, na chumba cha upasuaji bila mtaalamu wa dawa za usingizi hakimsaidii mama yeyote. Kijiji kinachokatwa na mto kijengewe, hilo nakupa bila ubishi, na wauguzi wake waombewe siku hiyohiyo. Sasa nijibu wewe na wengine wote: kata yenu ikipewa fedha ya kitu kimoja tu mwaka huu, mngemwambia diwani achague zahanati ya pili au muuguzi wa pili?