Safari ya Mogotio: gumzo la kikundi cha baiskeli, Nakuru

Jumatano

[19:02] Katibu: Habari za jioni, wanakikundi. Kama nilivyoandika Jumapili na kurudia juzi, Jumamosi hii tunakwenda Mogotio hadi kwenye alama ya ikweta. Tutakutana Kiamunyi saa kumi na mbili asubuhi, tupitie Kabarak na Kampi ya Moto, tule Mogotio, kisha tupakie baiskeli kwenye pikapu wakati wa kurudi. Mwenye pikapu anataka shilingi 6,000, na nusu yake lazima imfikie kesho kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo atabeba viazi vya mtu mwingine. Kila mmoja atume shilingi 500.

[19:41] Katibu: Naona watu 23 wamesoma. Waliotuma ni wawili, nami ni mmoja wao.

[20:15] Kijana wa Lanet: Katibu, kwani pikapu ni ya lazima? Ni kilomita 40 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mimi nimewahi kwenda mbali kuliko hapo.

[20:19] Katibu: Kwenda ni kuteremka, mdogo wangu, ndiyo maana kila anayefika Mogotio hujiona bingwa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Mogotio iko chini yetu kwa mamia ya mita. Zile ulizoteremka asubuhi bila kukanyaga pedeli utazilipa zote alasiri, tumbo likiwa limejaa nyama na jua la mashamba ya mkonge likiwa utosini. Asiyetaka pikapu aseme mapema, nimwandike pembeni.

[20:33] Baba Pendo: Kuhusu nyama, naomba ieleweke kwamba mbuzi wa Baringo haliwi kwa haraka. Pia nina swali. Mara ya mwisho pale kwenye ikweta kijana mmoja alinionyesha maji kwenye beseni yakizunguka upande wa kulia, tukavuka hatua chache yakazunguka kushoto, nami nikampa shilingi 200 kwa moyo mweupe. Je, tumbo langu nalo litageuka nikivuka nikiwa nimeshiba?

[20:47] Mwalimu: Ulitapeliwa, Baba Pendo, ingawa kwa adabu. Mzunguko wa dunia hugeuza vimbunga na pepo kubwa za baharini, lakini maji ya beseni hufuata jinsi yalivyomiminwa na jinsi mwenye beseni alivyogeuza kiwiliwili chake. Hatua kumi za ikweta hazibadilishi kitu. Kitakachobadilika ni kwamba tutakuwa tumetoka kizio cha kusini na kuingia cha kaskazini kwa nguvu za miguu yetu, jambo ambalo si la kila mtu.

[20:49] Baba Pendo: Basi shilingi zangu 200 zihesabiwe kama sehemu ya ile 500.

[20:50] Katibu: Hazitahesabiwa. Tafadhalini, pikapu.

[22:10] Katibu: Bado ni wawili.

Alhamisi

[06:12] Dada Muuguzi: Samahani kwa kuchelewa, ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku. Nimetuma 500. Ningependa tu kujua ni nani atakayekaa nyuma ya wote, maana mimi mwendo wangu mnaujua, na sitaki yale ya Njoro.

[06:30] Katibu: Asante, dada. Hilo tutalipanga tukifika.

[07:05] Fundi: Kwa kuwa Njoro imetajwa, na si mimi niliyeitaja, nami niseme. Siku ile niliziba pancha tatu za watu, viraka vyangu, gundi yangu, bila kudai hata senti, na tairi langu la nyuma lilipochomwa na mwiba nikakuta pampu ya kikundi imebebwa na walio mbele. Nilisukuma baiskeli hadi magharibi. Nilipofika mlikuwa mmeshanawa mikono, na mtu mmoja akaniuliza kwa nini nimechelewa. Pampu hiyo sijaiona hadi leo.

[07:20] Mama Chebet: Pampu iko kwangu, chini ya kitanda, tangu siku hiyo. Nilibebeshwa, na hakuna aliyewahi kuiulizia.

[07:22] Baba Pendo: Kumbe ndiyo maana Baba Chebet amenawiri hivi karibuni, kitanda chake hujazwa upepo.

[07:24] Mama Chebet: Baba Pendo, wewe hujatuma 500.

[07:31] Katibu: Wapendwa, tuyaache ya kale, tushughulikie ya Jumamosi. Mwenye pikapu amenipigia asubuhi hii. Anasema pia kwamba gari lake linachukua baiskeli nane tu, zikilazwa kwa zamu, usukani wa moja ukielekea kwenye gurudumu la nyingine, na magunia katikati ili rangi zisichubuke. Tukizidi nane, itabidi arudi mara ya pili kwa bei nyingine.

[07:36] Fundi: Katibu, ya kale ni rahisi kuachwa na aliyekuwa ameshakula.

[11:48] Mlezi: Nimesoma yote tangu jana. Njoro nilikuwepo. Niliketi meza moja na waliokula, nikaona kwamba Fundi hayupo, na sikusimama. Mimi ndiye niliyemuuliza kwa nini amechelewa, na nilimuuliza kwa mzaha. Fundi, mwanangu, nisamehe. Jumamosi nitakaa nyuma ya wote na baiskeli yangu isiyo na gia, na hakuna atakayekula Mogotio kabla sijafika. Katibu, nimetuma 1,000.

[12:40] Katibu: Tumekusikia, Mzee wetu.

[12:52] Kijana wa Lanet: Shikamoo Mzee. Nitakaa nawe nyuma. Nimetuma 500 za pikapu pia, ile ya kurudi kwa pedeli nimeiwaza upya.

[13:30] Dada Muuguzi: Asante sana, Mzee. Sasa naweza kulala.

[15:04] Katibu: Hesabu hadi sasa ni hii: waliotuma ni watano, na jumla ni shilingi 3,000 kamili, kwa sababu ya ile ziada ya Mzee. Amana imetimia nami naituma. Lakini waliosema kwa mdomo kwamba watakuja ni 12, na gari ni la nane. Nawaomba hao saba wengine wajitokeze kabla ya kesho adhuhuri, na wajue kwamba nafasi inakwenda kwa aliyetuma, si kwa aliyesema. Maji yawe chupa mbili kwa kila mtu, kwa maana baada ya Kampi ya Moto joto huongezeka haraka.

[16:20] Baba Pendo: Nimetuma 300. Zile 200 mnazijua zilipo.

[17:15] Mama Chebet: Nimeitoa pampu na kuipangusa vumbi. Inashika vizuri kwenye mdomo mnene wa tyubu ya baiskeli yangu, lakini kwenye ule mwembamba wa baiskeli ya Kijana inavujisha upepo pembeni, na mpira wake wa ndani umekauka kama ngozi ya ngoma. Fundi, unaweza kuitazama?

[17:58] Katibu: Fundi, uko?

[19:26] Fundi: Mzee nimempigia simu, tumezungumza. Mama Chebet, ilete pampu dukani kesho kabla ya saa kumi, nitabadilisha huo mpira na kuitafutia kidomo chembamba. Kuhusu Jumamosi sijasema neno.

[19:27] Katibu: Nikuandike au nisikuandike?