Mjadala: Baiskeli zirudi kutengenezwa Ulaya, au kinachorudi ni kibandiko tu?

Mleta mada

Wakuu, huko Ulaya hoja ya kurudisha viwanda vya baiskeli nyumbani kutoka China, Taiwani na Kambodia inazidi kupata watu. Ilishika kasi wakati wa korona. Kila mtu alitaka baiskeli, maduka yakabaki matupu, na ukiagiza giya za Shimano unaambiwa usubiri hata zaidi ya mwaka. Mwishoni mwa 2023 meli zikaanza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikarefuka tena.

Mimi naunga mkono, lakini kwa fremu tu. Msinirukie bado.

Fremu ni nyepesi ila inakula nafasi. Ukizipanga kwenye kontena, sehemu kubwa umelipia kusafirisha hewa. Cheni na giya ni tofauti, kontena moja linahudumia maelfu ya baiskeli, hivyo huko Asia zibaki tu. Fremu zilihama kwa sababu ya ujira wa mchomeleaji, na hapo ndipo Ureno walipopata upenyo: kiwanda cha Triangle's, eneo la Águeda, kinachomelea fremu za alumini kwa roboti. Kwa takwimu za Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, Ureno iliongoza umoja huo mwaka 2023 kwa baiskeli kama milioni 1.8.

Kinachonisumbua ni ushuru. Tangu 1993 Umoja wa Ulaya unazitoza baiskeli za China ushuru wa kuzuia bei ya kutupa, yaani kumwaga bidhaa nje kwa bei ya chini kupita kiasi, na mwaka 2005 ukafika asilimia 48.5. Mwaka 2013 ukapanuliwa hadi Indonesia, Malaysia, Sri Lanka na Tunisia, baada ya kuonekana mzigo unapitia mlango wa nyuma. Baiskeli za umeme zikafuata 2019. Miaka zaidi ya 30 ya ulinzi, na bado fremu nyingi zinatoka Asia. Kwa nini?

Mchangiaji, Uholanzi

Kwa sababu ushuru huo unalinda kuunganisha, mkuu, siyo kutengeneza. Sheria yenyewe inaangalia kama vipuri vya China vimefika asilimia 60 ya thamani ya vipuri vyote. Ukibaki chini ya hapo umepona. Basi fremu inatoka kwenye boksi ikiwa imeshapakwa rangi, mtu anafunga magurudumu, anavuta waya za breki, anabandika jina, na baiskeli imeshakuwa ya Ulaya.

Hata huko kuunganisha kwenyewe hakutulii. Batavus ilianzia Heerenveen mwaka 1904. Kampuni mama, Accell, imefunga uunganishaji pale na kuhamishia kazi Hungaria. Kwenye takwimu kazi imebaki Ulaya. Mwambie hivyo mtu wa Heerenveen aliyepunguzwa.

Mchangiaji, fundi baiskeli, Tabora

Nimekulia kwenye Raleigh za Uingereza, zile nyeusi zenye breki za fito na nembo ya korongo mbele. Nimezifungua nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha Nottingham kilikuwa kinatoa zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Fremu zikakoma 1999, kuunganisha kukakoma 2002, na leo penye kiwanda pana majengo ya chuo kikuu.

Mnasahau kwamba kiwanda kile hakikuwa peke yake. Habu za Sturmey-Archer, vile vitovu vya gurudumu vyenye giya ndani, zilikuwa zinatoka mji uleule. Mwaka 2000 jina lilinunuliwa na Wataiwani, na mashine zikapakiwa melini. Kwa hiyo roboti wa Ureno anachomelea vizuri, sawa, lakini mwenye habu yuko wapi? Mwenye rimu? Tandiko za ngozi za Brooks zimebaki Uingereza, na bei yake mnaijua. Ukiwa na fremu bila majirani zake, hukurudisha kiwanda. Umerudisha karakana.

Mchangiaji, Nairobi

Mzungu akitoza ushuru anaitwa mlinzi wa viwanda. Rwanda walipoitoza mitumba, mwaka 2018 nguo zao zikavuliwa nafuu ya AGOA, ule mpango wa kuuza Marekani bila ushuru. Sina la zaidi.

Mleta mada

Mkuu wa Nairobi, hao walikuwa Wamarekani. Tusimbebeshe Mreno mzigo wa jirani.

Fundi, hilo la majirani nimelipokea, lakini majirani huwa wanafuata. SRAM, watengenezaji wa vipuri, wana kiwanda cha cheni Coimbra, hukohuko Ureno, si mbali na Águeda. Kumbuka pia Taiwani haikuzaliwa na kila kitu. Giant walianza kwa kuwatengenezea wengine, wakiwemo Schwinn wa Marekani, na Schwinn ndiyo iliyofilisika 1992. Ujuzi ulihama mara moja, unaweza kuhama tena.

Halafu huu unafuu wa Asia nao una wenyewe wanaoulipia. Septemba 2025 forodha ya Marekani ilizuia baiskeli za Giant zilizotengenezwa Taiwani, kwa madai ya kazi ya kulazimishwa na wafanyakazi wahamiaji kufungwa na madeni. Ni madai, sawa, ila ukisema Ulaya ni ghali, uliza kwanza kwingine kuna nini ndani ya hiyo bei.

Mchangiaji, Uholanzi

Hapo tuko pamoja. Lakini hesabu yako ya fremu ni ya baiskeli ya kukanyaga. Ujerumani mwaka 2023 baiskeli za umeme zilizouzwa zilizidi za kawaida, na humo gharama kubwa iko kwenye mota na betri. Mota Bosch wanatengeneza Hungaria, hilo nakupa. Seli za betri karibu zote zinatoka Asia. Fremu yako ya Águeda ikishabeba betri hiyo, utaibandika jina la wapi?