Sataranji na hesabu vinahusiana?

Swali: Mtoto akijifunza sataranji, atakuwa bora katika hesabu?

Jibu 1: Usitegemee hivyo. Mwaka 1973 wanasaikolojia Chase na Simon walionyesha kuwa bingwa hukumbuka vizuri kete zilizopangwa kama za mchezo halisi. Zikitawanywa ovyo, ubora wake hukaribia kutoweka. Ujuzi huo ni wa mipangilio ya ubaoni, hauhamii wenyewe kwenye aljebra.

Jibu 2: Mbona Lasker na Euwe, mabingwa wa dunia, walikuwa na udaktari wa hisabati?

Jibu 3: Huenda anayependa mafumbo huvutwa na vyote viwili. Ukitaka hesabu, ifundishe kwa ubao wa sataranji: mmoja akitoa malkia (alama 9) kwa ngome (alama 5) na farasi (alama 3), nani kapata hasara? Kisha mtoto ahesabu miraba ya kila ukubwa ubaoni: 64+49+36… hadi 1, jumla 204. Wengi huishia 64, miraba midogo tu.