Kiyoyozi hakipoozi vizuri: je, niongeze gesi?

Swali: Kiyoyozi changu kinapuliza hewa isiyo baridi ya kutosha, na bomba lake jembamba linaganda barafu. Je, yatosha kuongeza gesi?

Jibu: Ndugu, gesi hiyo haiishi kama mafuta ya gari, huzunguka katika mfumo uliofungwa, kwa hiyo ikipungua, ujue inavuja mahali fulani. Hata hivyo, safisha vichujio kwanza, kwani vikiziba navyo huleta barafu.

Jibu: Naafiki. Uvujaji ukishazibwa, fundi aondoe hewa na unyevu kwa pampu, kisha ajaze gesi kwa kuipima kwenye mizani, akifuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. R-410A (aina mojawapo ya gesi ya viyoyozi), kwa kuwa ni mchanganyiko wa gesi, hujazwa ikiwa kimiminika.

Muulizaji: Vichujio (nakiri kwa aibu) vilijaa vumbi. Nimevisafisha, lakini barafu imerudi. Namwita fundi atafute uvujaji.