Naomba ushauri: dondoo la Warburgia linachafua visima vya sahani ya maabara

Wadau wa maabara, naombeni ushauri. Ni utafiti wa uzamili hapa Kisumu: dondoo la maganda ya Warburgia ugandensis, mti wa dawa (yalinunuliwa soko la Kibuye), dhidi ya fangasi Candida albicans, kwenye sahani ya visima (vishimo vidogo) 96. Dondoo limeyeyushwa kwa DMSO (kiyeyushi), 50 mg/ml. Mikrolita 2 ndani ya 198 za RPMI (midia, yaani majimaji ya kuoteshea fangasi) zinatoa 500 µg/ml na DMSO 1%. Hapo visima vinakuwa kama maziwa, na mashine ikipima ukungu kwa mwanga wa 600 nm inasoma uchafu huo kama fangasi waliomea. Resazurini (rangi inayobadilika seli zikiwa hai) ingesaidia, ila bila visima vya dondoo pekee, bila fangasi, siiamini.

Linalosumbua zaidi ni poligodiali, kemikali iliyomo kwenye maganda haya. Aldehidi zake mbili hushikana na amini (vikundi vya nitrojeni, ambavyo asidi amino pia zinavyo), kwa hiyo huenda asidi amino za RPMI zinaimaliza kabla haijafika kwenye seli. Bafa (ya kutuliza pH) ni MOPS. Tris, bafa nyingine, nimeiepuka kwa sababu hiyo hiyo: nayo ina amini ya kushikana.

Je, nitumie midia yenye asidi amino chache zaidi? Na kuna aliyejaribu kuzimua mfululizo (kupunguza ukali wa dondoo hatua kwa hatua) ndani ya DMSO kwanza, badala ya ndani ya RPMI? Tafadhali msiniambie niongeze DMSO. Ikizidi 1% nitakuwa napima athari ya DMSO yenyewe kwa fangasi.