Makohozi ya baba yana vijidudu, lakini mashine ya GeneXpert haioni kifua kikuu: tuombe kipimo gani?

Binti wa Mkomani
Assalaamu alaykum. Baba yangu, aliyechoma chokaa hapa Lamu tangu ujanani, ana ugonjwa sugu wa mapafu, na kwa muda mrefu amekuwa akimeza prednisoloni kila pumzi inapombana. Tangu Ramadhani ana homa za usiku, makohozi mazito na amekonda. Hadubini ilionyesha vijidudu vinavyofanana na vya kifua kikuu, GeneXpert haikuvikuta. Alianzishiwa dawa za kifua kikuu hata hivyo, na miezi mitatu imepita bila nafuu. Tumemtengea kikombe chake, na wajukuu hawamkaribii. Turudi tukaombe nini?

Mpimaji wa Malindi
Waalaykumu salaam. Pole sana, dada yangu. Nafanya kazi maabara, na kwa maoni yangu kupishana kwa vipimo hivyo ndilo jambo la kufuatwa. Rangi inayopakwa makohozi kabla ya hadubini hushikwa pia na bakteria wengine, ilhali GeneXpert hutafuta kifua kikuu peke yake. Wapo maikobakteria, jamaa za kijidudu cha kifua kikuu, wa majini na udongoni, na yupo nokadia, bakteria wa udongo anayeonekana kama nyuzi zenye matawi, ambaye huwapata hasa watu walioshushwa kinga na dawa kama prednisoloni. Ombeni makohozi yaoteshwe, yaani bakteria wakuzwe maabara, ya siku mbili tofauti, na fomu itaje nokadia kwa jina, kwa sababu hukua polepole na huenda sahani za kuoteshea zikatupwa kabla hajaonekana.

Mama Shela
Mwanangu, mume wangu aligunduliwa nokadia kwa njia hiyohiyo, akatibiwa kwa antibiotiki ya kotrimoksazoli miezi sita. Msimwachishe prednisoloni ghafla, wala dawa nyingine yoyote, bila daktari. Na akiumwa kichwa kisichotulia au akipata degedege, msingoje majibu, kwani nokadia huweza kufika kwenye ubongo.

Binti wa Mkomani
Ahsanteni. Kesho tunavuka Mokowe kwa boti ya asubuhi. Na hao wajukuu?

Mpimaji wa Malindi
Nokadia haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Mpaka kifua kikuu kiondolewe shaka kabisa, mzee aketi barazani penye upepo, afunike mdomo akikohoa, na wajukuu wamsalimie hapo. Kikombe kurudishwa kabatini na vya wengine hakuna madhara.